Nauli za matatu mashambani: Kupanda ni rahisi, kushuka ndiyo ngoma

Kila tarehe 14 ya mwezi, Wakenya husubiri tangazo la Mamlaka ya Kusimamia Kawi na Petroli, EPRA, kuhusu bei mpya za mafuta. Bei ikiongezwa jioni hiyo, si ajabu abiria wa mashambani kuamkia nauli mpya kituoni kabla hata ya matatu yenyewe kutiwa mafuta ya bei hiyo. Bei ikipunguzwa, kituo hukaa kimya.

Kupanda mchongoma, wahenga walinena, kushuka ndiyo ngoma. Nauli za mashambani zimeupanda mchongoma huo mara kadhaa tangu mwaka wa 2004, na kila mara palikuwa na sababu ambayo hakuna aliyeweza kuikana. Linalostahili kuulizwa ni kwa nini sababu hizo zinapoondoka, nauli hubaki pale pale zilipoachwa.

Mjadala wa nauli nchini huwa, kwa kawaida, mjadala wa Nairobi. Nauli ya Rongai au Githurai ikiongezwa, habari hizo hutangazwa kabla ya jua kuchomoza. Ilhali sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa kati ya Wakenya milioni 47.6 waliohesabiwa, milioni 32.7 waliishi mashambani. Hawa nao husafiri. Yupo mwalimu anayefundisha tarafa nyingine, kibarua wa majani chai, mama anayepeleka ndizi sokoni, mwanafunzi wa shule ya kutwa, na mgonjwa wa kisukari ambaye siku yake ya kliniki haiwezi kuahirishwa. Mkazi wa Kibera akikosa nauli ya kumfikisha Eneo la Viwandani, hutembea, na maelfu hufanya hivyo kila asubuhi. Wa kijijini akitembea kilomita 15 kwenda na 15 kurudi, siku imekwisha na kazi haijafanywa.

Uzito wa mzigo huu huonekana vyema zaidi kwa hesabu. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa shambani asiye na ujuzi kilifika takriban Sh8,000 kwa mwezi baada ya nyongeza ya asilimia 6 iliyoanza kutekelezwa Novemba 2024. Chukua nauli ya Sh50 kwenda na Sh50 kurudi, ambayo katika sehemu nyingi ni nauli ya kiasi tu. Kwa siku 24 za kazi, kibarua huyo atakuwa ametumia Sh2,400, yaani asilimia 30 ya mshahara wake, kabla ya kununua pakiti moja ya unga. Nauli hiyo ikiongezwa kwa Sh20 kila upande, gharama yake inafika Sh3,360, nayo ni asilimia 42. Na hiyo ni hesabu ya yule anayelipwa kima kilichowekwa na serikali. Vibarua wengi hulipwa kwa siku, kwa maelewano ya mdomo, na mvua ikinyesha hawalipwi kabisa.

Mama wa soko yumo katika hali ngumu zaidi. Yeye hulipa nauli yake, kisha hulipia gunia lake, na bei ya gunia haina kanuni yoyote isipokuwa jinsi makanga alivyoamka siku hiyo. Asipouza, hulipa tena kulirudisha gunia lile lile nyumbani, au huliuza kwa bei ya kutupa jioni kwa mchuuzi ambaye anajua fika kwamba mama huyo hana nauli ya kulirudisha. Wachuuzi wa mjini wameneemeka kwa miaka mingi kutokana na hofu hiyo ya nauli.

Vivyo hivyo kwa huduma zinazoitwa za bure. Serikali ilianza kugharamia masomo ya shule za sekondari za kutwa mwaka wa 2008, lakini njia ya kufika shuleni iliachiwa mzazi. Bima ya afya ya jamii iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024 humtoza asiye na ajira rasmi mchango usiopungua Sh300 kwa mwezi. Mgonjwa anayeishi mbali na hospitali ya kaunti anaweza kutumia fedha zaidi ya hizo kwa safari moja tu ya kwenda na kurudi, tena bila kuhesabu bodaboda ya kumtoa nyumbani hadi barabarani.

Jina la matatu lenyewe ni nauli. Linatokana na usemi wa Kikikuyu wa mang'otore matatu, yaani sarafu tatu za senti kumi, ambazo abiria alitozwa wakati magari hayo yalipoanza kubeba watu bila leseni. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu yafanye kazi bila leseni ya magari ya abiria, na mojawapo ya hoja za wakati huo ilikuwa kwamba mwananchi wa kawaida alihitaji usafiri aliouweza. Serikali ya Rais Moi ilijaribu njia nyingine mwaka wa 1986 kwa kuanzisha mabasi ya Nyayo, yaliyotoza nauli nafuu. Usimamizi mbaya uliyazamisha kabla ya muongo wa 1990 kumalizika. Tangu hapo usafiri wa mashambani umekuwa mikononi mwa watu binafsi, nayo nauli imekuwa ni ile ambayo kituo kimeamua.

Hatua ya kwanza kubwa ya kupanda ilikuja Februari 1, 2004, sheria zilizobandikwa jina la aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilipoanza kutumika. Matatu aina ya Nissan zilizokuwa zikibeba abiria 18 ziliamriwa kubeba 14, zifungwe mikanda na vidhibiti mwendo. Sheria hizo ziliokoa maisha, na hilo halina ubishi. Lakini ili mwenye gari apate mapato yale yale kwa abiria 14, kila mmoja alipaswa kulipa karibu asilimia 29 zaidi, na katika njia nyingi nauli ilipanda kupita kiwango hicho. Miaka michache baadaye abiria wa ziada walirejea katika barabara za mashambani, ambako vizuizi vya polisi vilikuwa vichache au vilizoeana na madereva. Wakaketi juu ya mbao zilizowekwa katikati ya viti, mtindo ambao makanga huuita 'sambaza'. Nauli haikurudi kwa kiwango cha abiria 18. Abiria wa mashambani akawa analipia nafasi ya watu 14 huku akibanwa na watu 20.

Hatua ya pili ilikuja na janga la korona. Mnamo Machi 2020 matatu za abiria 14 ziliagizwa kubeba watu wanane, na kwa hesabu ile ile kila abiria alitakiwa kulipa asilimia 75 zaidi ili gari lisipate hasara. Agosti 9, 2021 ziliruhusiwa kujaza viti vyote. Katika njia ambazo nauli ilishuka, mara nyingi haikushuka hadi ilipokuwa.

Hatua ya tatu ilikuwa ya mafuta. Septemba 2022, muda mfupi baada ya Rais William Ruto kuapishwa, ruzuku ya petroli iliondolewa na ile ya dizeli ikapunguzwa. Lita moja ya petroli jijini Nairobi ikafika Sh179.30 na ya dizeli Sh165. Julai 1, 2023 ushuru wa VAT kwa mafuta ukaongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Kufikia Oktoba 2023, petroli iliuzwa kwa Sh217.36 na dizeli kwa Sh205.47, bei ambazo hazikuwa zimewahi kuonekana nchini. Hapo hapakuwa na mhudumu aliyehitaji kujitetea kwa kuongeza nauli.

Sasa yatazamwe yaliyofuata. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2024, petroli iliuzwa Nairobi kwa Sh180.66 na dizeli kwa Sh168.06. Kwa maneno mengine, dizeli ilikuwa imerudi hadi kiwango kilichozidi kile cha Septemba 2022 kwa Sh3 na senti chache, na petroli ilikuwa imezidi kwa Sh1.36. Ikiwa mafuta ndiyo yaliyopandisha nauli, na ndivyo abiria walivyoambiwa, basi mwezi huo ulikuwa wa kurudisha nauli za 2022. Katika vituo vingi vya mashambani halikutokea jambo kama hilo.

Hata ule ukubwa wa nyongeza una walakini. Matatu ya abiria 14 inayokwenda kilomita 10 kwa lita moja hutumia lita tatu kwa safari ya kilomita 30. Dizeli ilipanda kwa Sh40.47 kati ya Septemba 2022 na Oktoba 2023, hivyo safari hiyo iligharimu Sh121 zaidi. Ukigawa kwa abiria 14, kila mmoja alipaswa kuongeza Sh9 hivi. Barabara ikiwa mbovu na gari likaenda kilomita nane kwa lita, ni Sh11. Gari likiondoka na abiria kumi tu, ni Sh15. Lakini nauli ya mashambani haipandi kwa Sh9 wala Sh11. Hupanda kwa Sh20 au Sh50, kwa kuwa hakuna makanga anayetaka kutafuta chenji ya shilingi moja moja. Bei ya dizeli ikishuka kidogo kidogo, Sh3 mwezi huu na Sh4 mwezi ujao, hakuna mwezi hata mmoja ambapo upungufu huo unatosha kupunguza nauli kwa sarafu nzima. Faida ya kushuka hupotelea katika chenji.

Wahudumu wa matatu wana hoja zao, na si haki kuzipuuza. Mafuta ni sehemu moja tu ya gharama. Tairi, springi na vipuri vingine huagizwa kutoka nje kwa dola, na Januari 2024 dola moja ilifika karibu Sh160. Shilingi ilipopata nguvu na dola kurudi hadi takriban Sh129 katikati ya mwaka huo, shehena za vipuri zilizonunuliwa kwa bei ya zamani zilikuwa zingali madukani. Magari mengi hununuliwa kwa mikopo, na Benki Kuu ilikuwa imepandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13 mnamo Februari 2024 kabla ya kuanza kukipunguza mwezi Agosti. Kuna bima, kuna ada ya kituo, kuna fedha ambazo mwenye gari hudai kila jioni bila kujali abiria walikuwapo au hawakuwapo. Na kuna kitu kidogo kwa polisi, gharama isiyo na risiti ambayo kila dereva huiweka katika hesabu yake ya asubuhi.

Tena gari la mashambani haliwezi kulinganishwa na la mjini. La mjini hujaa pande zote mbili asubuhi na jioni, na hufanya safari nyingi kwa siku. La kijijini hujaa asubuhi likielekea sokoni, hurudi na watu wanne, kisha husubiri kituoni saa mbili au tatu hadi lijae tena. Mvua ikinyesha kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, halirudi kabisa. Mwenye gari anayefanya safari mbili kwa siku hana budi kutafuta katika safari hizo mbili kile ambacho mwenzake wa mjini hukipata katika nane. Ndiyo sababu kilomita moja ya mashambani mara nyingi ni ghali kuliko ya mjini, ingawa anayeilipia ni maskini zaidi.

Barabara yenyewe ina sehemu kubwa katika jambo hili. Kila lita ya petroli au dizeli hutozwa ushuru wa kutunza barabara, ambao Julai 2024 uliongezwa kutoka Sh18 hadi Sh25. Katika ile safari ya kilomita 30, ushuru huo ni Sh75, yaani zaidi ya Sh5 kwa kila abiria, kila anapopanda gari. Mkulima hulipa Sh5 hizo asubuhi na jioni ili barabara itengenezwe, kisha hulipa tena kwa sababu haikutengenezwa, maana mashimo hula tairi na mafuta, na gharama hiyo huja kuongezwa kwenye nauli. Huku hayo yakiendelea, magavana na wabunge walizozania Sh10.5 bilioni za hazina hiyo hadi wakafikishana mahakamani, kila upande ukidai ndio wenye haki ya kuzitumia. Haikuwa siri kwamba barabara iliyotengenezwa ni kura.

Lililo gumu kutetea ni jinsi nauli inavyoamuliwa. Nchini Kenya hakuna sheria inayoweka kiwango cha nauli za matatu. Mamlaka ya NTSA hutoa leseni na kuangalia usalama, si bei. Kanuni zake za mwaka wa 2014 zinawataka wenye magari wajiunge na vyama vya ushirika au kampuni zenye magari yasiyopungua 30. Nia ilikuwa njema, kwani serikali ilitaka mtu wa kuulizwa pindi mambo yanapoharibika. Lakini matokeo yake mashambani ni kwamba njia moja mara nyingi humilikiwa na sacco moja au mbili. Gari jipya haliingii hadi lilipe kiingilio, magari hupanga foleni na kupakia kwa zamu, na nauli ni moja kwa yote. Dereva anayetaka kutoza Sh10 chini ya wenzake huadhibiwa na sacco yake mwenyewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka wa 2010 inawakataza wafanyabiashara wanaoshindana kukaa pamoja na kupanga bei. Kama wenye magari 30 walio wanachama wa sacco ni washindani au ni biashara moja, ni swali ambalo abiria wangenufaika sana iwapo mtu angelipeleka mbele ya mamlaka husika.

Upungufu huo ndio uliozalisha ushindani wa aina nyingine. Magari madogo ya kibinafsi, hasa Probox, sasa ndiyo matatu ya sehemu nyingi za magharibi mwa nchi, Nyanza na Meru. Hubeba watu wanane au zaidi mahali pa watano, mara nyingi bila leseni wala bima ya abiria, nazo hufika hata pale ambapo matatu imekataa kufika. NTSA na polisi huyakamata mara kwa mara. Operesheni hizo zinapoendelea, nauli ya matatu iliyobaki hupanda siku hiyo hiyo, jambo linaloonyesha wazi ni nini kilichokuwa kikiizuia. Usalama na unafuu hapa vinavutana, na anayedai kwamba vyote viwili vinaweza kupatikana kwa amri moja kutoka Nairobi hajawahi kungoja gari Mbumbuni au Port Victoria saa kumi na moja jioni.

Tanzania imechagua njia tofauti. Huko mamlaka ya LATRA, iliyochukua mahali pa SUMATRA mwaka wa 2019, hutangaza kiwango cha juu cha nauli kwa kila kilomita baada ya kusikiliza maoni ya wenye mabasi na abiria. Mnamo Desemba 2023 kiwango cha basi la kawaida la masafa marefu kiliongezwa kutoka Sh41.29 za Tanzania hadi Sh48.47 kwa kilomita, nyongeza ya zaidi ya asilimia 17. Kwa hivyo udhibiti haukuzuia nauli kupanda. Ulichompa abiria ni kujua aliyepandisha, kwa kiasi gani, na kwa hoja zipi, na kuwa na pa kulalamikia akitozwa zaidi. Abiria wa Kenya hana hata kimojawapo.

Kuiga mfumo huo mzima nchini kuna hatari yake. Kiwango kimoja cha taifa kikiwekwa chini kupita kiasi, magari yatahamia njia zenye lami na kuwaachia wanakijiji bodaboda, ambazo kwa kila kilomita ni ghali zaidi kuliko matatu. Tayari abiria wengi hupanda vyombo viwili, bodaboda hadi barabara kuu kisha matatu, na ile safari fupi ya kwanza huweza kugharimu sawa na ndefu ya pili.

Hata hivyo, kati ya kuweka bei na kutofanya lolote pana nafasi kubwa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la uchukuzi wa umma wa barabarani. Kwa zaidi ya muongo mmoja tangu ugatuzi kuanza mwaka wa 2013, kaunti nyingi zimelitafsiri jukumu hilo kuwa ni kuchora mistari ya maegesho na kukusanya ada. Kipengele cha 46 cha Katiba hiyo hiyo kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na huduma hiyo. Nauli iliyoandikwa kwenye ubao kituoni, ya asubuhi na ya jioni, ya mtu na ya gunia, pamoja na tarehe ilipobadilishwa mara ya mwisho, ni habari ya aina hiyo. Abiria angeona kwamba ilibadilishwa Oktoba 2023, dizeli ilipokuwa Sh205, na kuuliza kwa nini ingali pale. Ubao hauhitaji sheria mpya ya Bunge wala mkopo wa Benki ya Dunia.

Tikiti nayo ingesaidia. Jaribio la serikali la mwaka wa 2014 la kulazimisha ulipaji nauli kwa kadi lilikwama, hasa kwa kuwa wahudumu hawakutaka fedha zao zipite mahali pa kuonekana. Hivi leo makanga wengi hupokea nauli kwa M-Pesa bila kulazimishwa na mtu, hata katika njia za vumbi. Rekodi ya nauli iliyolipwa basi ipo katika simu ya abiria, pamoja na saa na kiasi. Hakuna afisi ya kaunti inayoitaka.

Kila mwaka mabunge ya kaunti hupitisha sheria ya fedha inayotaja, kwa shilingi na senti, ada ambayo kila matatu italipa kwa kutumia kituo kwa siku au kwa mwezi. Wananchi huitwa kutoa maoni kabla haijapitishwa, na wanaofika kwa wingi kwenye vikao hivyo ni wafanyabiashara na wenye magari, ambao ada hizo zinawahusu moja kwa moja. Sharti la kubandika nauli lingeweza kuandikwa katika ukurasa huo huo, chini ya ada ya kituo. Abiria hawajaalikwa kwa jina, na nauli ya kwenda makao makuu ya kaunti kutoa maoni kuhusu nauli ni ya kujilipia.